Kilomita 60,000 za Diavel V4: Vali Zilivyoachishwa Safari za Gereji

Ratiba ya matengenezo ya Ducati Diavel V4, kruza ya mbio ya modeli ya mwaka 2023, inataka vali zikaguliwe kila kilomita 60,000. Diavel ya kwanza, iliyoonyeshwa Milan Novemba 2010 na kuanza kuuzwa mwaka uliofuata, ilitaka kazi hiyohiyo kila kilomita 24,000. Kabla yake, Ducati nyingi zilikuwa zikirudi kwa fundi kwa ajili ya vali kila kilomita 12,000. Kwa hiyo ndani ya miaka kama 13 muda huo umeongezeka mara tano, tena kwenye injini yenye nguvu ya farasi 168. Wauzaji huitangaza namba hii kama nafuu ya mfuko, na ni nafuu kweli. Lakini iliyoizaa ni kazi iliyofanyika ndani ya hedi ya silinda, na kazi hiyo ndiyo inayostahili kuelezwa.

Tuanze na vali yenyewe. Vali ya ekzosi hupitisha gesi iliyotoka kuungua sasa hivi. Sehemu kubwa ya joto lake huondoka pale inapofunga na kugusa kiti chake: joto huhamia kwenye kiti, kisha kwenye hedi, kisha kwenye maji ya kupozea. Kila inapofunga hukipiga kiti, na kiti huliwa kidogo kidogo. Kiti kikiliwa, vali huzama ndani ya hedi na shina lake husogea kuelekea kemu, ile shafti yenye nundu inayoifungua. Ile nafasi nyembamba ambayo mafundi wetu huiita tapeti hupungua. Ikimalizika, vali haikai tena barabara kwenye kiti, haipoi, na ukingo wake huanza kuungua. Ubaya zaidi ni kwamba tapeti iliyobana haina kelele. Iliyolegea ndiyo hugonga na kumshtua mwenye chombo. Iliyobana humaliza vali kimyakimya. Hivyo muda wa ukaguzi ni kauli ya mtengenezaji kuhusu kasi ambayo kiti kitaliwa, na anayetaka kuurefusha lazima kwanza aipunguze kasi hiyo.

Kwenye pikipiki nyingi za bodaboda kazi ya tapeti ni nyepesi: unafungua kifuniko, unaingiza fila ya kupimia, unazungusha skrubu, unakaza nati, umemaliza. Kwenye Diavel hakuna skrubu. Kuna shimu, yaani kisahani kidogo cha chuma chenye unene maalumu, na fundi hupima, hupiga hesabu, hutafuta shimu yenye unene unaotakiwa, huifunga, kisha hupima upya. Na kabla ya kuiona hedi yenyewe ameshavua vitu vingi. Hapo ndipo gharama inapotoka. Shimu yenyewe ni bei ndogo. Saa za fundi ndizo kubwa.

Ducati walijiongezea mzigo mwingine juu ya huo, na walikuwa na sababu nzuri. Injini za kawaida hufunga vali kwa springi. Katika miaka ya 1950 chuma cha springi kilikuwa dhaifu: mizunguko ikipanda, springi zilikatika au zilishindwa kuirudisha vali kwa wakati, na vali ikaelea hewani wakati pistoni inakuja juu. Mhandisi Fabio Taglioni, aliyejiunga na kiwanda cha Bologna mwaka 1954, alizikwepa springi. Aliipa vali roka mbili, moja ya kuisukuma ifunguke na nyingine ya kuivuta ifunge, kila moja ikiongozwa na kemu yake. Ndio mfumo wa desmodromiki, au kwa kifupi desmo. Pikipiki yake ya mashindano ya cc 125 ilishinda huko Hedemora, Sweden, mwaka 1956, ikiendeshwa na Gianni Degli Antoni. Mwaka 1968 mfumo huo ukaingia kwenye pikipiki za barabarani, na tangu hapo ukawa utambulisho wa kampuni.

Lakini roka mbili maana yake ni tapeti mbili kwa kila vali, ya kufungua na ya kufunga. Kiti kinapoliwa, ya kwanza inabana na ya pili inalegea, na fundi lazima azipatanishe zote. Shimu ya kufunga nayo hushikwa kwenye shina la vali na nusu-pete mbili nyembamba, ambazo hupigwa na kukaa upya kadiri injini inavyotembea. Kwa hiyo hata kiti kikiwa imara, kipo kitu kingine chenye kusogea. Diavel ya kwanza, yenye silinda mbili na vali nne kwa kila silinda, ilikuwa na tapeti 16 za kupima. Na kwa kuwa kemu zake ziliendeshwa kwa mikanda ya taimingi, mikanda nayo ilikuwa na ukomo wake: ibadilishwe kwenye ukaguzi wa vali au baada ya miaka mitano, hata kama pikipiki imelala tu gereji. Mmiliki asiyetembea sana alilipia mikanda ambayo karibu haijafanya kazi.

Hatua ya kwanza ya kurefusha muda ilichukuliwa bila kuigusa desmo. Injini ya cc 1,198 iliyowekwa kwenye Diavel ilizaliwa kutokana na ile ya pikipiki za mashindano, ambayo vali za kuingiza na za kutoa hukaa wazi kwa pamoja kwa nyuzi 41 za mzunguko. Wahandisi waliupunguza mwingiliano huo hadi nyuzi 11, na ndiyo sababu injini ikaitwa Testastretta 11°. Mchanganyiko wa hewa na petroli haukutoroka tena kwa wingi kwenda kwenye ekzosi, na injini ikatulia kwenye mizunguko ya chini. Pamoja na hilo, viti vya vali vilitengenezwa kwa madini mapya na njia za kuondolea joto zikaboreshwa. Mambo haya mawili ya mwisho ndiyo yaliyoufikisha ukaguzi kwenye kilomita 24,000. Kwenye matoleo yaliyofuata, XDiavel ya mwaka 2016 na Diavel 1260 ya mwaka 2019, ukaguzi ulikuwa umefika kilomita 30,000.

Hapo desmo ilikuwa imekaribia mwisho wa kile inachoweza kutoa.

Mwaka 2020 Ducati walionyesha injini mpya ya V4 iitwayo Granturismo, ya cc 1,158, kwanza kwa ajili ya pikipiki yao nyingine, Multistrada. Ndani yake desmo haimo. Vali zinafungwa na springi, na kemu zinaendeshwa na cheni, si mikanda. Injini hii ndiyo iliyohamia Diavel V4. Tazama hesabu yake: silinda nne, vali 16, tapeti moja kwa kila vali, jumla 16. Idadi ya vipimo ni ileile ya injini ya silinda mbili. Wangeibakiza desmo, fundi angekuwa na vipimo 32. Uzito nao unasema kitu: Granturismo ina kilo 66.7, pungufu kwa kilo 1.2 kuliko injini ya silinda mbili iliyoitangulia kwenye Multistrada, ingawa silinda zimeongezeka maradufu. Roka za kufunga, kemu zake na shimu zake zilipoondoka, ziliondoka na uzito wake.

Hata hivyo, atakayesema springi peke yake ndiyo iliyoleta kilomita 60,000 atakuwa ameruka nusu ya maelezo. Panigale V4, pikipiki ya kasi ya kampuni hiyohiyo, imebaki na desmo na vali zake hukaguliwa kila kilomita 24,000. Lakini Panigale hutoa nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 13,000 kwa dakika au zaidi, wakati Diavel V4 huitoa kwenye 10,750. Vali inayofungwa mara chache zaidi kwa kila dakika, kwa nguvu ndogo zaidi, hukitesa kiti kidogo zaidi. Ducati waliamua kwanza injini itazunguka kwa kasi gani, wakaona kwamba kwa kasi hiyo springi za leo zinatosha bila wasiwasi, ndipo wakaiacha desmo. Kwa maoni yangu mpangilio huo wa uamuzi ndio wa kujifunza. Tatizo alilolitatua Taglioni mwaka 1956 lilikuwa la chuma cha wakati wake. Chuma kimebadilika, na kuendelea kumtoza mteja wa kruza kwa ajili ya dawa ya ugonjwa usiokuwepo kusingekuwa heshima kwa mzee huyo.

Wapenzi wengi wa Ducati waliumia, na ninawaelewa. Desmo ni ustadi halisi, na kwenye mizunguko ya juu kabisa bado ina kazi. Lakini kampuni haikurudi nyuma: V2 mpya ya cc 890 iliyotangazwa mwishoni mwa 2024 nayo ina springi, na ukaguzi wake ni kila kilomita 45,000.

Sasa tuje kwa mmiliki, kwa sababu namba kubwa ina hatari yake. Anayeendesha kilomita 6,000 kwa mwaka atafikisha 60,000 baada ya miaka kumi. Akiamini kwamba miaka kumi yote pikipiki haidai kitu, ataiharibu. Kilichorefushwa ni vali. Sevisi ya kwanza bado ni kilomita 1,000, na haina mjadala: injini mpya hutoa chembe za chuma huku ringi na silinda zikizoeana, na chembe hizo lazima zitoke pamoja na oili ya kwanza. Baada ya hapo, oili na filta ni kila kilomita 15,000 au miezi 24, kinachotangulia kati ya hivyo viwili.

Kuhusu oili nina neno kwa wasomaji wa kwetu, kwa sababu kosa hili nimeliona likitendeka mara nyingi. Kwenye pikipiki kama hii klachi huogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na viungo hivyo hufanya sahani za klachi ziteleze. Tafuta maandishi JASO MA au MA2 kwenye chupa. Oili isiyo na alama hiyo, hata iwe ya bei kubwa kiasi gani, si ya pikipiki yenye klachi ya namna hii.

Kinachosahaulika zaidi ni mafuta ya breki. Diavel V4 ina diski mbili za mbele za milimita 330 na kalipa za Brembo, lakini vyote hivyo vinategemea kimiminika kinachonyonya unyevu wa hewa siku zote, pikipiki ikitembea au ikilala. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hichohicho kinaruhusu mpaka 155. Tofauti ya nyuzi 75 imepotea bila gurudumu kuzunguka. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, mafuta yaliyochoka huchemka, povu linaingia kwenye mabomba na liva inazama hadi kwenye mpini. Kuyabadilisha kila miaka miwili ni desturi ya siku nyingi, na anayeishi pwani penye unyevu asithubutu kuipitisha.

Cheni nayo ina ratiba yake, na haihusiani na kilomita 60,000. Triumph kwenye Rocket 3 yao ya cc 2,458 walichagua shafti, hivyo mwenye nayo hana cheni ya kulainisha wala kukaza, ingawa anabeba uzito wa ziada. Mwenye Diavel V4 aisafishe cheni yake, ailainishe, na aitazame kila baada ya mvua au vumbi. Filta ya hewa pia haijui kusoma kilomita: barabara ya vumbi inaijaza mapema mno kuliko lami, na vumbi likipita filta ndilo litakalovila viti vya vali ambavyo wahandisi wamevilinda kwa bidii yote hiyo. Na lile tairi la nyuma la milimita 240 likaguliwe katikati. Safari ndefu za barabara iliyonyooka hulifanya liwe bapa, na tairi pana namna hiyo likishakuwa bapa, pikipiki huwa nzito kuingiza kwenye kona hata kama kina cha kashata bado kinaruhusiwa.

Kazi iliyofanyika Bologna ni nzuri, na hukumu yangu ni kwamba walifanya sawa kuitoa desmo kwenye Diavel. Wewe unayenunua kruza ya namna hii, hasa iliyokwishatumika, usiishie kusoma kilomita kwenye kioo. Muombe muuzaji kitabu cha sevisi, tazama tarehe ya mafuta ya breki, tazama oili ilibadilishwa lini na ni ya aina gani, na kama ni Diavel ya silinda mbili, uliza mikanda ya taimingi ina miaka mingapi. Ikiwa imepita mitano, ipunguze gharama hiyo kwenye bei kabla hujatoa fedha yako.