Moshi wa kusema na moshi wa kuficha: maoni juu ya chai ya Lapsang Souchong

Leo sileti mambo ya mbegu wala ya mbolea. Nataka tuhukumu chai moja, vile wengine hapa wanahukumu kitabu ao filamu: iko na nini, inafanya nini, na kama inastahili sifa yenye inapewa. Chai yenyewe ni Lapsang Souchong, chai nyeusi ya China yenye kukaushwa kwa moshi wa msonobari, ile miti yenye wengi wetu tunaita pini.

Tuanze na shida. Katika lugha ya waonjaji wa chai, moshi ni jina la kosa. Kiwandani, majani yanakaushwa na hewa ya moto, na hewa hiyo inapashwa kwa mabomba yenye moto wa kuni ndani yake. Bomba likitoboka, moshi unaingia mu majani. Mwonjaji anakunywa kijiko kimoja, anatema, anaandika ku karatasi yake kwamba chai inanuka moshi, na bei inashuka. Kanuni hiyo ni ya biashara ya chai ya dunia nzima, na chai yenye inalimwa kwetu Kivu, kama kule Mbayo, haina kanuni yake ya pekee. Sasa kumbe iko chai moja yenye moshi njo sifa yake ya kwanza, na watu wanailipa pesa kali. Je, wanunuzi wamerukwa na akili, ao sisi wenye tulisoma agronomia tulipewa maana fupi ya neno kalite? Hilo njo swali langu.

Chai hii inatoka Tongmu, kijiji chenye kiko ndani ya milima ya Wuyi, jimbo la Fujian, kusini-mashariki ya China. Sehemu ile ilifanywa hifadhi ya asili mwaka 1979, na mwaka 1999 milima ya Wuyi iliingia mu orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kichina wanaiita Zhengshan xiaozhong. Xiaozhong ni aina ndogo, na zhengshan ni mlima wa kweli. Yaani jina lenyewe tayari ni bishano: hii njo ya mlima wenyewe, ile ingine ni ya kuiga. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Wachina wanahesabu chai hii kuwa mama wa chai zote zenye sisi tunaita nyeusi na wao wanaita nyekundu, juu wanaangalia rangi ya maji, hawaangalii rangi ya majani. Hadithi ya kuzaliwa kwake inasimuliwa kwa namna mingi, lakini shina ni moja: wakati wa vita, karne ya 17, maaskari walipita kijijini, kazi ya chai ikasimama, majani yakageuka rangi, na wakulima wakayakausha mbio mbio juu ya moto wa msonobari ili wasipoteze vyote. Wauzaji wanaipenda sana hadithi hii. Mimi naichukua kama hadithi. Macho ya agronomia yananionyesha sababu yenye haihitaji askari hata mmoja: mlima ni wa baridi, ukungu ni mwingi, mvua ya majira ya kuchuma hairuhusu majani kunyauka ku jua. Lazima moto. Na kuni zenye ziko karibu ni za msonobari. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, moshi ulikuwa jibu la mvua mbele ya kuwa ladha.

Angalieni sasa kazi yenyewe. Wako na nyumba ya mbao ya ghorofa. Moto unawashwa chini, majani yanatandikwa juu, joto na moshi vinapanda pamoja. Majani yakinyauka, yanasokotwa, kisha yanaachwa yageuke rangi. Baadaye yanapitishwa kidogo mu sufuria ya moto, yanasokotwa tena, na mwisho yanakaushwa ku chekeche za mianzi juu ya moshi wa msonobari. Moshi basi unaingia mara mbili: majani yakiwa bado laini, na tena wakati wa kukauka. Katika kuni mna lignini. Moto ukiivunja, inatoa fenoli kama gayakoli, ndugu ya ile harufu ya nyama na samaki wa moshi. Utomvu wa msonobari nao unaleta longifoleni, yenye wanakemia wamepata kwa wingi mu chai hii. Ndiyo sababu moshi wa eukaliptusi ao wa mukaratusi wa jirani yako hautatoa Lapsang, hata ukipuliza mpaka kesho.

Niliionja namna gani? Mama mdogo wangu anafanya biashara ya nguo na anasafiri Guangzhou. Safari ya mwisho aliniletea pakiti mbili za chai yenye jina moja. Kubwa ilitoka soko la jumla, bei ya chini. Ndogo ilitoka duka la chai, na bei yake alikataa kunitajia kwa heshima ya familia. Hiyo njo bahati ya mhukumu: jina moja, vitu viwili. Nilipima gramu 3 kwa mililita 200 za maji, dakika 3, bila sukari, bila maziwa. Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka ku digrii 95 hivi, na joto hilo linaifaa chai hii sawasawa.

Pakiti kubwa inanuka mbele hata ya kuifungua. Ukiweka maji, lami inapanda. Ku ulimi moshi unaingia wa kwanza, unapiga kelele, kisha… hakuna kitu. Hakuna utamu, hakuna mwili, nyuma inabaki uchungu wa mbao. Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, alirudisha kikombe na kusema: "Mukubwa, hii ni chai ao ni maji yenye banasukulia shati ya mupishi?" Sikumpinga.

Pakiti ndogo ni habari ingine. Majani ni membamba, meusi yenye kung'aa. Moshi uko, lakini uko kama ku nguo ya mtu mwenye alikaa karibu na moto jana jioni: unaujua, haukusumbui. Maji ni mekundu yenye kuelekea rangi ya asali. Wachina wanafananisha ladha yake na tunda la longani lenye limekaushwa. Sisi hatuna longani, lakini tuko na kitu cha karibu: zile ndizi zenye zimeivia mu shimo la moto kwa kutengeneza kasiksi, mbele hazijakamuliwa. Utamu wa tunda na moshi, vyote viwili, na huwezi kusema kimoja kinaanzia wapi. Yule mwanasheria alikunywa, akanyamaza, akaomba tena. Nikaweka maji mara ya pili ku majani yale yale, kisha mara ya tatu. Mara ya tatu moshi ulikuwa umeenda karibu wote. Utamu ulibaki.

Hapo njo hukumu yangu inasimama. Iko moshi wa kusema na iko moshi wa kuficha. Moshi wa kusema unaambatana na majani yenye yako na neno lao wenyewe. Ukiondoka, majani yanaendelea kuongea. Moshi wa kuficha unafunika majani yenye hayana kitu. Ukiondoka, unakutana na nyumba tupu. Na historia inaeleza kwa nini ule wa pili uko mwingi. Katika biashara ya zamani, neno souchong lilikuja kumaanisha majani makubwa ya chini ya tawi, yale ya bei ndogo. Moshi mzito juu ya jani zito, na soko la mbali limeridhika. Mwaka 1773, pale Boston, wakati wakoloni wa Marekani walitupa masanduku 342 ya chai baharini, mengi yalikuwa ya Bohea, jina lenye Wazungu walitoa kwa Wuyi, na machache yalikuwa ya Souchong. Mengine yaliitwa Congou. Msirukie furaha: Congou haina undugu na Kongo yetu. Inatoka neno la Kichina gongfu, yaani kazi yenye inachukua muda na ufundi.

Wenye kupinga moshi wako na hoja mbili za nguvu, na mhukumu wa haki hawezi kuzipita pembeni.

Ya kwanza inatoka Tongmu yenyewe. Mwaka 2005 mafundi wa kijiji kile walitengeneza Jin Jun Mei, chai ya machipukizi tu, bila moshi, na leo iko kati ya chai nyekundu za bei kali sana China. Mtu anaweza kusema: kama machipukizi bora yanakataa moshi, basi moshi ni dawa ya jani baya. Mimi sikubali. Jin Jun Mei inaonyesha kwamba majani ya mlima ule yanaweza kusimama peke yao. Lakini mwimbaji mwenye anaweza kuimba bila ngoma hajathibitisha kwamba ngoma ni ya kuficha sauti. Ndiyo sababu napenda ile chai ya zamani: inakubali kupimwa. Weka maji mara tatu, utajua nani anaimba.

Hoja ya pili ni ya afya, na hiyo sina hamu ya kuipamba. Moshi wa kuni unabeba vitu vyenye madhara. Umoja wa Ulaya uliweka mpaka wa miligramu 0.02 kwa kilo moja ya chai kwa kitu kinachoitwa antrakinoni, chenye kinaweza kutoka mu moshi, na Lapsang ya kienyeji inapata shida kupita pale. Tena sisi wa huku tunajua mama mwenye anapika mu jiko bila dirisha. Macho yake na mapafu yake hayahitaji mashairi juu ya moshi. Kwa hiyo naikunywa mara moja mara mbili kwa juma, kama kitu cha kuonja, sio kama chai ya kila asubuhi.

Sasa, sisi tunatoka na nini hapa? Msinielewe vibaya: sisemi tuanze kuvutisha moshi chai ya Kivu. Kuni ziko wapi? Makala ya mu Virunga yanatosha kutuhuzunisha. Na kosa lote haligeuki sifa kwa kubadilishwa jina tu. Kahawa yetu ya Kivu iko na ile ladha ya viazi vibichi yenye inaharibu kikombe kizima. Hiyo hakuna mtu aliiamua, hakuna mtu anaweza kuitabiri, na hakuna mtu anaikunywa akiomba tena. Hilo ni kosa, tuliite kosa, na tupigane nalo shambani.

Ninachochukua kwa Tongmu ni maswali matatu, na nayaweka mbele ya kila zao letu. Je, kuna mtu aliamua ladha hii, ao ilianguka tu? Je, huyo mtu anaweza kuirudia kesho na mwaka kesho? Na ukiondoa ile alama yenye inapiga kelele, zao lenyewe linabaki na neno? Bomba lenye limetoboka linaanguka ku swali la kwanza. Viazi mu kahawa vinaanguka ku la pili. Pakiti kubwa ya mama mdogo inaanguka ku la tatu. Pakiti ndogo inapita yote.

Karatasi ya mnunuzi haiulizi hata moja kati ya hayo. Inauliza tu kama chai yako imetofautiana na ile yenye yeye amezoea kuchanganya. Na mu lisansi yetu, tusidanganyane, tulijifunza kuijaza karatasi ile vizuri sana. Chai ya kusagwa ya Maziwa Makuu, kwa sehemu kubwa, inaishia ndani ya michanganyiko yenye inabeba jina la wengine, juu sifa yenye tunaitafuta ni kutokuwa na alama yoyote. Wakulima wa Tongmu walikuwa na alama, wakaishika, wakaifanyia kazi mpaka ikawa ufundi, kisha wakaiita ya mlima wa kweli. Mkulima wa Kabare ao wa Rutshuru hakuna mtu amemuuliza chai yake iko na ladha gani. Ni kazi yetu kumuuliza, na sisi njo tuko na ulimi na daftari.

Alama zangu basi. Pakiti kubwa: 3 juu ya 10, na hizo 3 ni za rangi. Pakiti ndogo: 8 juu ya 10; mbili nazitoa kwa bei na kwa mapafu. Mwenye ataipata, kikombe cha kwanza akunywe bila sukari wala maziwa. Cha pili afanye vile anapenda, na akiwa na kipande cha fromaji ya Masisi pembeni, chumvi yake na moshi vitasikilizana sana. Cha tatu asikimwage. Hicho njo chenye kitamwambia kama alinunua chai ao alinunua moshi.