Malewa ya Mke Wangu

Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi, na wasomaji wa kitabu chake Maisha Yangu wanalijua. Mimi sikujaliwa tungo. Mke wangu nitamsifu kwa kazi ya mikono yake, upishi wa malewa, ambao hapa mtaani Namakwekwe, Mbale, hakuna aliyethubutu kushindana naye.

Malewa ni machipukizi ya mianzi inayoota kwenye misitu ya juu ya Mlima Elgon, mlima ambao sisi Wagisu twauita Masaaba na ambao kilele chake, Wagagai, kina urefu wa mita 4,321. Hukatwa msimu wa mvua yangali machanga, yakamenywa, yakachemshwa, kisha yakawekwa juu ya meko yakaushwe na moshi mpaka yageuke rangi ya kahawia iliyokolea. Yakikauka vizuri hukaa miezi mingi. Ndipo hushuka sokoni Mbale yakiwa yamefungwa mafungu.

Usanii wa mke wangu ulianzia pale sokoni. Alinusa fungu, akavunja ncha, akanusa tena. Moshi wa polepole huacha harufu tamu ndani kabisa. Moto wa pupa huacha uchungu usiotoka hata uchemshe kutwa. Kisha alimuuliza muuzaji ametoka upande gani wa mlima, mvua ikoje huko, na kama yule mtoto aliyekuwa mgonjwa amepona. Alirudi nyumbani jua limepanda, mkononi fungu moja la malewa, mdomoni habari za koo tatu.

Kuyapika si kazi ya kukimbizwa. Huloweshwa, yakaoshwa masizi maji baada ya maji, yakachemshwa yalainike, yakakatwa vipande vidogo. Hutiwa magadi ya asili, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu, halafu karanga zilizosagwa. Kuanzia hapo moto uwe mdogo na mwiko usipumzike, maana karanga hushika chini upesi, na zikiungua sufuria nzima imeharibika.

Nadhani alikipenda chakula hiki kwa sababu kinachelewa. Wengine huita wageni chakula kikiiva. Yeye alituma mtoto akawaite sufuria ikiwa ndiyo kwanza imebandikwa. "Karibuni, kaeni, bado yanachemka," alisema, na kila aliyeketi alipewa matoke ya kumenya. Walikuja majirani Wagwere na Wateso, walikuja wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mjini kwetu mwaka 1988, vijana waliokuwa mbali na mama zao. Lugha zilichanganyika hapo, Kiswahili kikiziunganisha. Majirani wawili walionuniana aliwapa mwiko mmoja wapokezane kukoroga. Hakuwahubiria. Kufikia wakati wa kuipua, mmoja alikuwa amekwisha kumuuliza mwenziwe kama karanga zimetosha.

Mwaka wa imbalu, ambao kwetu huwa mwaka unaogawanyika kwa mbili, nyumba yetu haikufungwa mlango. Ndugu walishuka kutoka milimani kuwasindikiza vijana wanaotahiriwa, na yeye alijua jina la kila mmoja, hata wale wa ukoo wangu ambao mimi mwenyewe niliwachanganya. Alicheka kwa sauti iliyofika barabarani. Watu waliokuwa wakipita tu waliingia.

Matanga yake yalipoanza, wanawake wa mtaa waliteka jiko bila kuombwa wakapika malewa. Wakabishana juu ya magadi. Mmoja alisema marehemu alimfundisha kutia kidogo sana, mwingine akaapa alifundishwa kutia mengi, wa tatu akasema yeye siku moja aliambiwa asitie kabisa. Nikawaambia wote wanasema kweli. Wazee wasio na meno walipokuja aliongeza magadi ili malewa yalegee kabisa. Vijana wenye njaa ya kutafuna aliwapunguzia. Na kulikuwa na shangazi mmoja ambaye tumbo lake halikuyaweza, huyo alipikiwa sufuria yake pembeni. Kipimo alikipata kwa kutazama nani ameketi uani. Wakaniuliza basi wao watie kiasi gani, na mimi nikatoka nje kuhesabu wazee.