Lugha Mbili katika War Requiem ya Benjamin Britten

Katika kuhakiki muziki wa kwaya tumezoea kuzipima sauti na kuyaacha maneno, kana kwamba ni mzigo unaobebwa tu. War Requiem ya Mwingereza Benjamin Britten yatulazimisha kuiacha desturi hiyo.

Kazi hii iliimbwa mara ya kwanza tarehe 30 Mei 1962 katika kanisa kuu jipya la Coventry, lililojengwa kando ya magofu ya lile lililoteketezwa kwa mabomu mwezi wa Novemba 1940. Mtungaji alitwaa maneno ya Kilatini ya Misa ya Wafu, akayachanganya na mashairi tisa ya Kiingereza ya Wilfred Owen, askari aliyeuawa mwaka 1918, juma moja kabla ya vita kwisha. Kilatini kimepewa kwaya kubwa, soprano na okestra kamili. Kiingereza kimepewa tenori na baritoni pamoja na wapigaji kumi na wawili. Nao wavulana huimba Kilatini kwa mbali, wakifuatwa na ogani.

Je, mchanganyiko huu ni pambo tu? La. Tuitazame sehemu ya matoleo. Kwaya yamkumbusha Mungu ahadi aliyompa Ibrahimu na uzao wake. Mara shairi ladakia: Ibrahimu wa Owen amkataa kondoo dume aliyeonyeshwa na malaika, amchinja mwanawe. Waimbaji wawili wakirudia habari ya mauaji hayo, watoto waendelea kutolea sadaka ya sifa, kana kwamba hawakusikia. Hapo lugha ya ibada yashtakiwa, na shahidi ni shairi. Lau yote yangaliimbwa kwa lugha moja, mashtaka hayo yangalififia.

Mwishoni maadui wawili wakutana baada ya kifo, ndipo makundi yote yaungana kwa mara ya kwanza. Wengi huona humo upatanisho uliokamilika. Sisi twasita. Kengele zingali zikipiga do na fa dieze, noti mbili zisizopatana zilizosikika tangu mwanzo. Kisha kwaya yatua ghafla katika utulivu, bila kutuonyesha umetoka wapi. Kwa maoni yetu, huo si udhaifu wa mtungaji bali ni uaminifu wake: faraja nyepesi ingaliwasaliti waliokufa.

Basi, anayetaka kuisikia kazi hii vema hana budi kwanza kuyasoma maneno yake.