Washirika Wasiotiwa Nukta: Uchambuzi wa Ramani za Utafiti katika Elimu ya Maunzi

Mtafiti wa leo atafutaye mshirika haanzi tena kwa kuuliza watu. Huanza kwa kutazama ramani. Ramani hiyo si ya nchi bali ni ya majina. Kila mwandishi wa makala ya sayansi hutiwa nukta, na kila wawili walioandika pamoja huunganishwa kwa mstari, mpaka ukapatikana wavu mkubwa ambao yasemwa kuwa ndio sura ya ushirikiano wa wataalamu. Ufundi huu watumia faharasa za makala na marejeo, mfano wa ile ya Eugene Garfield iliyoanza kutolewa katika miaka ya 1960, na sasa umeenea katika kila tawi la elimu. Makala haya yakusudia kuupima kwa tawi moja, nalo ni elimu ya maunzi, yaani elimu ichunguzayo madini, vioo, udongo uliochomwa na vitu mfano wa hivyo, jinsi vilivyoundika na jinsi vitendavyo kazi. Swali letu ni hili: ramani ya namna hiyo yamwonyesha nani, na yamficha nani?

Haifai kuanza kwa lawama. Iko kazi ambayo ramani hizo huifanya vizuri. Hapa Mlimani, katika Ubungo, wanafizikia wamechunguza kwa miaka mingi tando nyembamba zitumikazo katika nishati ya jua. Mtandao wa elimu ya maunzi na nishati ya jua wa Afrika ya Mashariki na Kusini uliviunganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na vinginevyo, kwa msaada wa mpango wa kimataifa wa sayansi wa Uppsala, Sweden, ulioanza mwaka 1961. Ushirikiano wa namna hii waonekana wazi katika ramani, kwa sababu wote waliohusika huandika, huandika kwa Kiingereza, na hutia majina yao chini ya makala. Mwanafunzi akiutazama wavu huo atajua aende mlango gani kubisha hodi.

Lakini na tuchukue mfano wa pili, ambao ni mashuhuri kuliko wa kwanza. Mwezi wa Septemba mwaka 1978 jarida la Science la Marekani lilitoa makala juu ya uyeyushaji wa chuma katika Buhaya, mkoa ambao ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi na ambao sasa ni Kagera. Waandishi walikuwa wawili: Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mtaalamu wa madini, wote wawili wa Chuo Kikuu cha Brown. Walidai ya kwamba mafundi wa nchi hiyo waliweza kufanya chuma chenye kaboni, yaani chuma cha namna ya pua, kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita; na ya kwamba siri yao ilikuwa mabomba ya udongo ya mivukuto, ambayo yaliingizwa ndani ya tanuri, hata hewa ikapata moto kabla ya kufika penye makaa.

Dai hilo halikutokana na vipande vya udongo vilivyofukuliwa peke yake. Wazee wa Kihaya, ambao hawakuwa wameyeyusha chuma kwa takriban nusu karne, walijenga tena tanuri kwa kumbukumbu zao. Walichimba shimo, wakachoma matete ya bwawani ndani yake, wakachagua mawe ya chuma, wakafanya makaa, wakavuta mivukuto. Wageni walipima joto na kuandika. Mtu mwadilifu akiulizwa ni nani walioshirikiana katika utafiti ule, hawezi kujibu kuwa ni watu wawili. Ila ramani ina nukta mbili tu, na zote ziko Rhode Island. Kijana wa Ubungo atakayeifuata leo ili ajue habari za chuma cha Kagera ataelekezwa ng'ambo ya bahari.

Yatupasa tuwe waangalifu hapa. Silaumu waandishi wale. Katika vitabu vyake vya baadaye Schmidt alieleza kwa urefu habari za wazee hao na ujuzi wao. Lawama ni ya kipimo chenyewe, ambacho hakijui ushirika mwingine ila ule wa kutia sahihi. Wala hasara yake si ya heshima peke yake. Dai la hewa iliyopata moto lilipingwa: J. E. Rehder aliandika juu yake mwaka 1986, na David Killick mwaka 1996 alizihoji sifa kubwa zilizotolewa kwa ufundi wa chuma wa Afrika. Ubishi wa namna hii ni uhai wa elimu. Lakini ulipofika ubishi huo, swali la kwanza lilikuwa ni la mafundi: bomba liliingizwa kiasi gani, na kwa nini? Wenye jibu walikuwa wazee, na wazee hufariki. Asiyeandikwa kuwa mshirika hatafutwi panapozuka shaka.

Ikiwa majina ya waandishi hayatoshi, ni alama gani nyingine tuifuate? Kwa mtu wa lugha jibu liko karibu: tufuate maneno. Katika Ufipa, kazi ya chuma ilikuwa na matanuri mawili. Moja ni refu, huitwa ilungu, na kwa wingi malungu. Humo mawe yaliyeyushwa. La pili ni dogo, huitwa kintengwe. Humo chuma kilichopatikana kilisafishwa. Bertram Mapunda, aliyefundisha Mlimani, alizichunguza habari hizi katika kazi yake ya udaktari, aliyoifanya katika Chuo Kikuu cha Florida. Mfasiri akiyaita yote mawili tanuri, amefuta hatua nzima ya kazi. Lakini anayehifadhi majina mawili amehifadhi hatua mbili, na amehifadhi pia njia ya kumrudia aliyeyatoa.

Kiswahili nacho hakikuwa mikono mitupu. Twasema chuma, na Mhaya husema ekyoma. Undugu wa maneno hayo hauhitaji kuthibitishwa kwa wasomaji wa jarida hili. Tunayo mavi ya chuma, kusubu, kalibu, fuawe na feleji. Tunalo neno pua, ambalo kamusi za zamani zalieleza kuwa ni chuma kigumu kitiwacho katika makali, hali katika maduka ya leo chuma cha pua ni kile kisichoshika kutu. Hata neno maunzi, nililolitumia hapa, laeleweka na wengi kuwa ni viungo vya kompyuta. Mwanafizikia na mhunzi wakikutana hawatasikilizana mpaka mtu amewapangia maana hizi.

Huenda mwanasayansi akapinga akisema kwamba neno si kipimo. Asema kweli. Jina kintengwe halielezi kiasi cha kaboni, na fundi aweza kuwa na neno zuri kwa maelezo yasiyo sahihi. Maabara haina mbadala. Lakini hoja yangu si kwamba neno lathibitisha. Ni kwamba neno laonyesha pa kwenda na mtu wa kuulizwa.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambayo taasisi yetu ni mrithi wake, ilikusanya maneno kwa shabaha ya kuyasanifisha, na maneno yakatengana na watu wake. Napendekeza kwamba orodha zetu za istilahi tangu sasa ziandike, kando ya kila neno la kazi, mahali liliposikiwa, mwaka, chombo au hatua ihusikayo, na jina la aliyelitoa iwapo ameridhia, akihesabiwa kuwa mshirika. Kazi hiyo yaweza kuanza bila ya safari ya Kagera. Manzese, katika wilaya hii hii ya Ubungo, wako mafundi wafanyao kazi kwa chuma chakavu, na kila mmoja ana majina ya vyuma ajuavyo kuvichagua kwa jicho na kwa mlio. Kutoka Mlimani hadi kwao ni mwendo mfupi, na hakuna ramani ya utafiti ninayoijua ambayo imeuchora.