Kuupima Mchoro wa Index of American Design
Anza na weupe. Rangi za maji hupakwa kwa tabaka nyembamba, nuru ipenye hadi kwenye karatasi na kurudi machoni. Mchoraji hodari aliiacha karatasi tupu pale birika la fedha lilipong'aa zaidi. Aliyeghafilika, kisha akaja kurekebisha kwa rangi nyeupe nzito, aliacha doa butu, na fedha ikageuka bati.

Michoro ya Index of American Design ni hazina ya kweli. Mradi wa kuichora ulianza mwaka 1935, enzi za Mdororo Mkuu, serikali ya Marekani ilipowaajiri wasanii wasio na kazi. Wazo lilichipuka kwa Romana Javitz wa maktaba ya umma ya New York na msanifu wa vitambaa Ruth Reeves. Kufikia 1942 ilikuwepo michoro ipatayo 18,000 ya vyombo vya nyumbani, wanasesere, masanduku na vielekezi vya upepo. Leo inahifadhiwa National Gallery of Art, Washington.

Suzanne Chapman, mmoja wa waliowafundisha wachoraji, alifuata mbinu ya Joseph Lindon Smith, aliyechora makaburi na sanamu za Misri ya kale. Katika michoro hii kifaa husimama peke yake, bila mandhari.

Kitambaa ndicho mtihani mgumu kuliko yote. Mwaka 1940, huko Coral Gables, Florida, Magnus Fossum alinakili shuka la kitanda lililofumwa 1770. Kazi ya namna hiyo ichunguzwe kwa karibu sana: je, uzi unapanda juu ya mwenzake na kuzama chini yake, au ni nakshi tu zilizopakwa rangi? Mchoro dhaifu hutoa nakshi sahihi juu ya kitu kisicho na uzito.

Viti vya jamii ya kidini ya Shaker navyo havimpi mchoraji pa kujificha, kwa kuwa havina mapambo. Hapo tafuta uchakavu. Mbao huchujuka mkono unaposhika na miguu inapokanyaga. Anayetawanya mikwaruzo sawasawa kila mahali ili kiti kionekane cha kale, hakukitazama.

Michoro mingi ina karatasi ya maelezo: kifaa ni cha nani, cha lini, kimeundwa kwa malighafi gani. Hiyo isomwe mwisho, jicho likishatoa hukumu yake.