Heko, Wachunguzi wa Sange

Wengi humsifu anayefuata simba kwa gari. Mimi nawavulia kofia wanaokaa kimya katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, mbu wakiwamaliza, wakimsubiri sange, mnyama mdogo mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Miaka ya 1970 mtafiti Galen Rathbun alimchunguza kwenye magofu ya Gede, akaona dume na jike hulinda eneo moja ila kila mmoja hujitafutia wadudu kivyake. Ndoa ya ajabu hiyo! Sange huyu hulala katika kiota cha majani makavu chini; akishtuka hupiga mkia ardhini, kisha mbio. Jamani, tuache kutega mitego msituni: sange huyu yumo hatarini kutoweka.