Kuchagua Deki ya Kusomea CD

Katika mfumo wa sauti wa nyumbani, deki ya kusomea CD ina kazi moja tu: kuisoma sahani kwa mwanga wa leza na kuzipeleka tarakimu zake kwenye kigeuzi, chombo kinachozifanya ziwe sauti kabla hazijafika kwenye amplifaya. Philips na Sony walipoiingiza CD sokoni mwaka 1982, kazi ya kusoma na ya kugeuza zilifanywa ndani ya sanduku moja. Deki ya kusoma tu haina sauti yake ya kusifiwa. Sifa yake ni kusoma bila kukosea na kupeleka tarakimu kwa mpigo usioyumba.

Ubora huanzia kwenye mashine inayozungusha sahani. Nyimbo zimeandikwa kwa mstari mmoja mrefu unaojizungusha kutoka ndani kwenda nje, na kati ya mzunguko na mzunguko pana mikromita 1.6 tu. Sahani huzunguka takribani mara 500 kwa dakika lenzi ikiwa ndani na takribani 200 ikifika ukingoni, maana mstari lazima upite chini ya lenzi kwa mwendo uleule. Muda wote huo lenzi inapanda na kushuka ikifuata kuyumba kwa sahani. Kwa hiyo trei inayotoka ikitikisika, mota inayolia au sahani inayokaa kwa kulegea ni dalili mbaya kuliko uso uliochubuka. Uzito wa sanduku husaidia kutuliza mtikisiko, lakini bati nene halitibu mota dhaifu.

Watengenezaji hawafuati njia moja. Cambridge Audio CXC huisoma sahani kwa mwendo wa kawaida wa muziki, kwa mashine iliyokusudiwa kazi hiyo pekee. Audiolab 6000CDT huzisoma tarakimu mapema na kuziweka akiba kabla ya kuzitoa, ili sehemu ngumu ya sahani ipate nafasi ya kusahihishwa. Zote mbili ni njia za kuaminika. Kuhusu mpigo wa tarakimu, vigeuzi vingi vya siku hizi huupanga upya vyenyewe, hivyo tofauti ya sauti kati ya deki mbili nzima huwa ndogo sana. Pesa inayozidi hapo ni bora iende kwenye spika.

Sahani iliyotengenezwa kiwandani, kama zile za mfululizo wa Zanzibara uliotolewa na Buda Musique ya Ufaransa, wenye taarabu ya Unguja na Mombasa, husomwa vizuri hata na deki hafifu. Mtihani wa kweli ni sahani ya kuchomwa, na nyimbo za kwaya na kaswida zimefika nyumba nyingi za Pwani kwa sahani za namna hiyo. Tabaka lake la rangi huharibiwa na joto na jua, na sahani zinazofutika na kuandikwa upya hurudisha mwanga kidogo mno kwa lenzi iliyochoka. Deki nzuri huitambua sahani ya kuchomwa kwa sekunde chache na huruka kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kusitasita. Wimbo wa mwisho wa sahani iliyojaa usikilizwe hadi tamati, kwa kuwa ukingoni ndiko sahani iliyopinda huyumba zaidi. CD imeundwa kusahihisha pengo la takribani milimita 2.5 kwenye mstari wake. Ndiyo maana mkwaruzo unaokata kutoka katikati kwenda nje husameheka, lakini ule unaofuata duara hukwamisha, na kufuta vumbi nako kuende kutoka katikati kwenda nje.

Idsowe, karibu na Garsen, joto na unyevu wa delta ya Tana ni hakimu mwingine. Unyevu hutia ukungu kwenye lenzi na kutu kwenye viungio vya waya. Matundu mapana ya kupoza nayo ni mlango wa sisimizi na mijusi wanaofuata ujotojoto, kwa hiyo matundu madogo yenye wavu ni afadhali. Mahali penye mafuriko, rafu ya juu huja kabla ya uzuri wa kabati.

Nyumba inayotumia sola inahitaji inveta ya mawimbi laini. Ya mawimbi ya ngazi huweza kuitia transfoma mvumo na joto, na mvumo huo ukafika hadi kwenye spika. Hapo soketi ya kutolea tarakimu kwa mwanga ina faida kubwa, kwa sababu waya wake haupitishi umeme na hukata njia ya mvumo kati ya deki na kigeuzi. Anayetumia soketi ya shaba achukue waya wa omu 75. Deki iliyotoka nje ikaguliwe nyuma kama inakubali volti 240 za stima ya Kenya. Kuna zilizotengenezwa kwa volti 100 au 120 pekee.

Deki iliyotumika inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei rahisi, kwa sharti kwamba lenzi yake bado inapatikana. Lenzi huchakaa kwanza. Aina iliyotumiwa na makampuni mengi, kama KSS-213 ya Sony, fundi huweza kuiagiza na kuibadilisha, lakini mashine za Philips aina ya CD-Pro2, zinazopendwa sana na wajuzi, hazitengenezwi tena. Kabla ya kulipa, muuzaji aulizwe jina la lenzi, na fundi aulizwe kama anaweza kuipata.